Anajua simu kuliko mimi lakini darasani hashiki kitu, nifanyeje?

Anti shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga hapa Kigoma, nauza vitenge na mawese sokoni. Mume wangu yuko kwenye boti za mizigo zinazoenda Kalemie na Bujumbura, kwa hiyo kuna kipindi anakaa hata wiki mbili tatu hajaonekana nyumbani na mambo ya watoto karibu yote yako juu yangu. Naomba usinitaje jina. Nimekuwa nikisoma majibu yako na naona huwa hutukani watu, ndo maana nimepata moyo wa kuandika.

Mkubwa ni wa kike yuko darasa la tano. Huyu mtoto Anti kwenye simu ni fundi kabisa. Majirani wakisahau paswedi wanamfuata yeye, mtu akitaka kuhamisha picha kwenda simu mpya anamfuata yeye, anakata video anaweka maneno na muziki vinakaa vizuri utadhani kafanya mtu mzima. Baba yake ndo anachofurahia hicho, anasema huyu kazaliwa na teknolojia, akili yake siyo kama zetu, tumuache atajifunza mwenyewe humohumo, na mwaka jana akamnunulia kishikwambi kwa mtu aliyetoka nacho Kariakoo.

Sasa njoo shuleni. Madam wake aliniita, akampa kitabu mbele yangu asome habari fupi ya mvuvi na mwanae. Akasoma yote mpaka mwisho, sauti nzuri, hakukosea neno. Madam akafunga kitabu akamuuliza, huyu mtoto wa mvuvi kwanini alirudi nyumbani kabla ya baba yake? Kimya. Akamuuliza tena kwa upole, akajibu "kwani si tuangalie tena humo". Yaani alikuwa anatamka tu Anti, hakuna kilichobaki. Hesabu ndo usiseme, tebo ya sita, ya saba, ya nane hana, sehemu hajui pa kuanzia. Na kilichomshangaza Madam ni kwamba kazi zake za nyumbani zote zina vema! Nikaja kugundua usiku anapiga picha swali, simu inamletea jibu na njia zake zote, yeye ananakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilipomuuliza akaniambia "mama kwanini nikariri wakati kitu kipo humu?" Kusema kweli sikuwa na jibu la kumpa.

Mdogo ni wa kiume ana miaka mitatu na nusu. Huyu nikiwa na wateja nampa simu anatulia, ndo inavyokuwa kutwa nzima. Anahesabu kwa Kiingereza mpaka twenti, rangi zote anazitaja, watu sokoni wanamshangaa wanasema huyu atakuwa daktari. Lakini akitaka maji ananivuta mkono ananipeleka kwenye ndoo, hasemi. Kiswahili chake ni neno moja moja. Akiwa na katuni ukimuita hageuki, na ukimnyang'anya simu analia mpaka anatapika.

Mama mkwe yuko Ujiji, anasema simu imekula akili za wajukuu zake na anataka hivyo vitu vyote vitupwe ziwani. Mume wangu naye akipiga anasema nisimrudishe mtoto nyuma, Ulaya watoto wanasomea kwenye kompyuta. Mimi niko katikati yao. Ninachoomba kujua, hivi ni kweli mtoto akikulia kwenye hivi vitu anakuwa na namna nyingine ya kujifunza au ni maneno ya watu? Nimnyang'anye au nimuache? Tuisheni ya kila siku siiwezi na jioni narudi nimechoka hoi.

Mama Wawili, Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, maana barua yako ni ya mtu aliyebeba watu wengi peke yake. Watoto umewaandika kwa pamoja lakini shida zao siyo moja, na naomba nianze na huyu mdogo ingawa umemgusia kwa ufupi, kwa sababu yeye ndo hawezi kusubiri.

Mtoto aliyepita miaka mitatu tunategemea aunganishe maneno matatu hivi, "mama nataka maji", "baba kaenda ziwani", na hata mtu asiyekaa naye aelewe sehemu kubwa ya anachosema. Wako anavuta mkono, na ukimuita hageuki. Hayo mawili yakiwa pamoja usikimbilie kusema ni simu, na wala usikubali mtu akutulize kwamba watoto wa kiume huchelewa kuongea basi ukaishia hapo. Mpeleke Maweni, hospitali ya mkoa. Waambie unataka masikio yake yapimwe na ukuaji wake uangaliwe, uwaeleze vilevile ulivyonieleza mimi, kwamba anahesabu mpaka twenti lakini maji hawezi kuomba. Kuna mtoto ambaye hasikii vizuri, anaganda kwenye simu kwa sababu picha zinamtosha, nyumbani wote wakadhani ni ukaidi. Kuna mwingine ambaye kuwasiliana kwake kuko tofauti tangu mwanzo, na huyo akijulikana mapema anasaidika vizuri zaidi kuliko akijulikana akiwa darasa la pili. Inawezekana wa kwako hana lolote kati ya hayo na ninaomba iwe hivyo, ila lazima ijulikane, siyo tukisie mimi na wewe.

Sasa kuhusu simu yenyewe kwa mtoto wa umri huo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Ukiambiwa tu hivyo unaweza kuona ni mambo ya wazungu wenye yaya na uwanja wa kuchezea, kwa hiyo acha nikueleze sababu. Mwaka 2003 mtafiti anaitwa Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walichukua watoto wa miezi tisa ambao kwao wanasikia Kiingereza tu, wakawaletea Wachina wakae nao chini, wacheze nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina. Watoto wengine wakaonyeshwa Wachina hao kwa video, na midoli ileile na vitabu vilevile. Waliokaa na mtu wakaanza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa video hawakuambulia kitu. Na baadaye, mwaka 2018, Kuhl na wenzake wakapima tena kwa video za kugusa kwenye skrini, wakaona watoto waliowekwa wawiliwawili walishika zaidi kuliko waliowekwa peke yao, video ni ileile, tofauti ni kuwa na mwenzake pembeni.

Kwa hiyo mwanao hesabu za Kiingereza amezipata kama wimbo, hazijamfundisha kuongea kwa sababu katuni haimsubiri ajibu, haishtuki akikosea, haimuangalii usoni. Mtoto anajifunza kuongea pale akitoa sauti mtu mwingine anapogeuka. Na wewe hapo sokoni umezungukwa na watu wanaoongea kutwa nzima, hiyo ni mali ambayo mwenzako aliyefungiwa nyumba ya geti na mtoto wake hana! Mpe vipande vya vitenge avipange, mpe kikombe na dumu tupu la maji apime, mkabidhi mteja, "haya mwambie mama karibu". Akikuvuta mkono kwenda kwenye ndoo wewe sema "unataka maji? Sema maji", umsubiri kidogo, akitoa hata "ma" mpe hapohapo kwa furaha. Usimuonyeshe kwamba umekasirika.

Kumuondoa kwenye simu usimuondoe yote siku moja. Anza na wakati wa kula na wakati wa kulala, nyakati hizo mbili hakuna simu kwa mtu yeyote, hata wewe. Ikishazoeleka unapunguza asubuhi sokoni, alafu mchana. Atalia, siku za mwanzo atalia sana, muweke karibu mbembeleze ila usimrudishie akiwa bado analia, maana atajua kilio ndo paswedi. Na kile kipande kidogo kitakachobaki kiwe cha Kiswahili na uwe unapita unamuuliza anachoona. Kuna katuni ya Akili and Me, ya shirika linaloitwa Ubongo, imetengenezwa hapahapa Tanzania kwa ajili ya watoto ambao hawajaanza shule, ilifanyiwa utafiti Morogoro na watoto walioiangalia walifanya vizuri kwenye namba, maumbo na kuchora kuliko wenzao walioangalia katuni nyingine. Siyo kila katuni ni sawa.

Tuje kwa dada mtu. Kwanza nikuombe kitu kimoja, usimchape kwa hili wala usimuite mvivu. Huyo mtoto ana akili, ameona kuna njia fupi ameipita, hata mtu mzima angeipita. Shida ni kwamba hakuna aliyemwambia njia fupi inamnyima nini, na lile swali lake la kwanini akariri ni swali la haki kabisa, linahitaji jibu siyo kofi.

Jibu lake hili hapa, na unaweza kumuonyesha mezani kwa peni na karatasi. Muandikie 42 juu ya 56, mwambie rahisisha. Mwenye tebo ya saba kichwani akiitazama tu hiyo sehemu anaona saba sita na saba nane, inakuwa 6 juu ya 8, anaona mbili inaingia kote, inakuwa 3 juu ya 4, kamaliza. Asiye na tebo haoni kitu chochote, anaona namba mbili kubwa. Hajui hata aulize nini! Anaweza kuuliza simu ngapi mara ngapi, sawa, lakini simu haiwezi kumfanya aone kwamba 42 na 56 ni ndugu, hilo linatokea ndani ya kichwa cha mtu ambaye tayari ana vitu vya kulinganisha. Na kusoma ni hivyohivyo. Ili aelewe kwanini mtoto wa mvuvi alirudi mapema inabidi akifika mstari wa nane bado awe ameushika mstari wa pili. Kichwa kilichozoea kwamba kila kitu kinaweza kurudishwa nyuma na kuangaliwa tena hakijisumbui kushika, na ndo maana alimjibu Madam "tuangalie tena humo". Hakuwa na jeuri, alisema ukweli wa anavyosoma.

Hili siyo la mwanao peke yake wala la watoto peke yao. Mwaka 2011 Betsy Sparrow wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake waliwapa watu wazima sentensi za mambo madogomadogo ya kujua, mfano kwamba jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake, wakawaambia waziandike kwenye kompyuta. Nusu wakaambiwa mlichoandika kitahifadhiwa, nusu wakaambiwa kitafutwa. Walioamini kitafutwa walikumbuka zaidi. Ukijua kuna mahali kimewekwa, kichwa kinaachia. Kwa mtu mzima aliyeshasoma siyo balaa kubwa, ana akiba yake ya nyuma. Kwa mtoto wa darasa la tano ambaye akiba ndo kwanza inawekwa, huko ni kuachia kabla hajashika.

Kwa hiyo swali lako kama wanabadilika, mimi nasema ndiyo, ila siyo kwa namna anayosema baba yao. Mtoto anakuwa hodari kwenye kile anachokifanya kwa mikono na kichwa chake kila siku, na anabaki nyuma kwenye kile anachofanyiwa. Wa kwako kukata video anafanya mwenyewe, ndo maana anajua. Kuzidisha anafanyiwa. Kusimuliwa na kuonyeshwa anafanyiwa. Ukiliangalia hivyo hata ugomvi wa kutupa ziwani au kutotupa unapungua, unachotazama kila jioni ni nani amefikiri hapa, mtoto au kifaa.

Utaanzaje na umechoka? Kusoma ndo kuanze, na hakukuhitaji kukaa mezani. Ukiwa unapika au unakunja vitenge yeye akae hapo akusomee kwa sauti ukurasa mmoja tu wa kitabu cha karatasi, alafu akifunge akusimulie kwa maneno yake kama anamsimulia mtu ambaye hakuwepo. Akikwama asifungue upesi, umuulize "nani alikuwepo? alitaka nini? kikatokea nini?" akumbuke kwanza, ndipo afungue ahakikishe. Mwanzoni atatoa sentensi moja, usikate tamaa. Vitabu vikiwa shida, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bure, vinafunguka kwenye hichohicho kishikwambi, ila azime data akishashusha kitabu, kwa sababu meseji zikiingia katikati ya ukurasa kusoma kumekwisha. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 2023 waliandika kwamba mwanafunzi akishakatizwa inaweza kumchukua mpaka dakika 20 kurudisha akili yake kwenye anachojifunza. Mtoto wa miaka kumi na moja anayekatizwa kila robo saa basi hajasoma siku hiyo.

Tebo afanye kwa biashara yako. Mwambie tuseme lita ya mawese ni 6,000, mtu kachukua lita saba kanipa 50,000, chenji ngapi? Kwa mdomo, bila kikokotoo. Kitenge ni cha yadi sita, vitenge vinane ni yadi ngapi? Akipata mpe mteja wa kweli siku ya Jumamosi amuhudumie mwenyewe wewe ukiwa pembeni, hapo utamuona anavyojifunza haraka.

Ile picha ya swali usiizuie, badilisha zamu tu. Afanye kwanza kwenye daftari lake mpaka mwisho hata kama anajua kakosea, ndo apige picha aone simu imefanyaje, atafute yeye alipoteleza. Alafu simu ifunikwe, wewe umbadilishie namba za swali lilelile, afanye upya. Akiweza hilo la pili basi ameelewa, asipoweza basi alinakili, na wewe huhitaji kujua hesabu za darasa la tano kuliona hilo. Na Madam umwambie ukweli kuhusu zile vema za nyuma, amekuita kwa nia njema na hawezi kumsaidia mtoto kama daftari linamdanganya. Usiku kishikwambi kilale chumbani kwako.

Sasa mume wako. Usimwambie amekosea, maana kuna sehemu ana haki, alijinyima akamnunulia mtoto kitu akiamini anamfungulia njia. Wazo lake hilo halikuanzia kwake, Mmarekani mmoja Marc Prensky aliliandika mwaka 2001, kwamba watoto waliozaliwa kwenye teknolojia ni wenyeji na sisi wengine ni wahamiaji, na walimu duniani kote wakalipenda. Lakini wapimaji walipokuja kupima wanafunzi wa nchi mbalimbali, kwenye utafiti wa kimataifa wa ujuzi wa kompyuta unaoitwa ICILS, wa 2018, waliona kwamba kukua na vifaa peke yake hakumpi kijana ujuzi wa kuvitumia kwa mambo mazito kama kuchuja habari na kujua ipi ya kuamini. Kuwa mwepesi wa vidole ni kitu kimoja na huko ni kwingine.

Mwambie na habari ya Tanga, hii ataipenda maana ni ya kwetu. Kuanzia 2017 kwenye mashindano yaliyoitwa Global Learning XPRIZE watoto karibu 2,700 wa vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vinachajiwa kwa sola kijijini. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasiojua kusoma kabisa ikapungua kwa nusu. Ni jambo kubwa sana hilo, kifaa kinaweza kufundisha, mama mkwe naye alisikie. Ila muangalie ni kifaa gani, humo hamkuwa na katuni za kuangalia tu kutwa, mtoto alikuwa anagusa herufi, anaitamka, anaiandika, anajibu, akikosea anarudia. Na bado nusu hawakufika. Peru walikogawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi laki kadhaa, tathmini ya Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ya mwaka 2012 haikuona hesabu wala lugha kupanda kwa sababu ya hizo kompyuta. Vifaa vilifika, kazi ya kujifunza haikupangwa. Na akikutajia tena Ulaya, mwambie Sweden, ambao walitangulia kweli kwa skrini madarasani, mwaka 2023 serikali yao ilitenga fedha za kuwarudishia wanafunzi vitabu vya karatasi.

Alafu akiwa kwenye boti mpe kazi. Akipata mtandao apige, amuulize binti "nisimulie ulichosoma jana", asiulize "umesoma?" Mtoto anayejua baba atataka kusimuliwa atasoma kwa namna nyingine kabisa.

Mama mkwe usibishane naye, mtumie. Bibi wa Ujiji ana hadithi, ana habari za zamani za ziwa, za treni, za soko la watumwa alizosimuliwa na wazee wake, na hapo ndo ningependa ule ufundi wa binti yako wa video uende. Akae na bibi Jumapili, kwanza aandike kwenye daftari maswali anayotaka kumuuliza, amrekodi, alafu kabla hajakata hata kipande aandike kwa mkono muhtasari wa alichosema bibi, kipi kianze kipi kifuate na kwanini. Ndo akate video yake. Humo kuna kusikiliza, kushika, kupanga, kuandika, vyote ambavyo Madam anavitafuta, na hakuna simu inayoweza kumfanyia kwa sababu majibu ya bibi hayapo popote mtandaoni. Na mdogo mtu awe hapohapo anasikia Kiswahili cha bibi.

Nenda Maweni wiki hii kabla ya hayo mengine yote. Wakikuambia masikio yako sawa waulize hatua inayofuata ni ipi na nani wa kumuona, usitoke bila tarehe ya kurudi, alafu niandikie walichosema. Huyu mkubwa mpe muda mpaka mwisho wa muhula, umuombe Madam amsomeshe tena habari nyingine mpya mbele yako na amuulize maswali kitabu kikiwa kimefungwa.